Toba ya Alhamisi

Mama alitangaza kwamba haendi hospitali tena wakati mimi napiga pasi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, pale kwangu Nyamasaria, anachambua omena, wale dagaa wetu, kwenye ungo, akitoa vijiwe na makombe madogo yanayokuja nayo kutoka ziwani. Akasema bila kuinua macho:

"Nyathina, Alhamisi mimi siendi huko. Na hiyo Jumatatu ingine pia siendi. Nimemaliza."

Nyathina kwa lugha yetu maana yake ni mwanangu, na mama aliniita hivyo tu alipokuwa hana nia ya kujadiliana.

Nilimaliza mkono mmoja wa blauzi, nikaigeuza, nikapiga wa pili. Ningependa kuandika kwamba moyo ulinishtuka. Haukushtuka. Nilichowaza ni kwamba Alhamisi nitaweza kufundisha vipindi vyangu vya asubuhi bila kumwomba mwalimu mwenzangu anishikie darasa, na kwamba blauzi ile imeanza kupauka kwenye kola. Ganzi ilikuwa imenishika kitambo, na ganzi haina uchungu. Huo ndio ubaya wake.

Figo zake ziliharibiwa na ugonjwa wa sukari. Mara mbili kwa wiki nilimpeleka mjini, akalazwa kwenye kiti kirefu, akaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, akakaa hapo kwa saa nne huku damu ikitoka mkononi, ikizunguka kwenye mipira, ikirudi. Akitoka hapo hakuweza kusimama bila kunishika. Siku ya pili alilala. Siku ya tatu alikuwa mtu kidogo, akapika, akagombana na mimi kuhusu chumvi, halafu zamu ikafika tena.

Kilichomtesa zaidi hakikuwa sindano, kilikuwa maji. Mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi hanywi maji kama watu wengine, hupimiwa. Mwanamke aliyezaliwa ufuoni na kuolewa ufuoni, aliyeingia ziwani na mtungi tangu akiwa mtoto, alikuwa akiniomba maji kama mfungwa, na mimi ndiye niliyekuwa askari jela. Nilificha jagi. Ndizi alikatazwa, parachichi alikatazwa, na mchuzi wa samaki ilikuwa ruhusa kuunusa tu. Daktari alikuwa mpole na alieleza kila kitu vizuri. Sikuwa na mtu wa kumlaumu, na hilo nalo huchosha.

Siku hiyo ya omena aliweka ungo chini, akaenda kwenye mtungi, akachota kikombe kikubwa kile cha bati, akanywa chote amesimama, huku ananitazama. Nilimtazama pia. Akapangusa mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Ber," akasema. Ni nzuri.

Angeweza kuacha kimyakimya, watu wakajua baadaye. Lakini mama hakuwa mtu wa kimyakimya. Alitaka mambo mawili kwa pamoja: aachane na ile mashine, na akifa azikwe na kanisa lake akiwa amevaa sare yake. Sare ilikuwa gauni la buluu lenye kola nyeupe, na kitambaa cheupe cha kichwani. Kikundi cha akina mama cha kanisa letu, pale Nyalenda, kina desturi yake: mwenzao akifa, wao ndio humwosha na kumvalisha sare, si watu wa mochari wala si binti zake, na wao ndio humwimbia tangu anapotolewa hapo mpaka kaburini. Mama alikuwa amewavalisha wenzake wengi, na alikuwa na maoni juu ya kila mmoja: huyu alikuwa mwepesi, yule mkono ulikataa kuingia, yule mwingine alikuwa anatabasamu na hatukujua kwa nini. Kuvalishwa na wenzako ndiyo ilikuwa heshima ya mwisho. Hakuwa anaota mbingu sana, mama yangu. Alikuwa anaota mikono ya wale wanawake.

Lakini mtu aliyetengwa na meza ya Bwana, yaani aliyezuiwa kupokea mkate na kikombe kwa sababu ya dhambi ambayo hajaitubu, havalishwi. Familia yake humzika ijuavyo. Kanuni hiyo kila mtu aliijua, na mama, miaka aliyokuwa kiongozi wa kikundi, aliilinda kwa ukali.

Sasa, nieleze kuhusu kaka yangu na mchungaji, maana bila hao wawili kisa hiki kingekuwa kifupi.

Kaka yangu mkubwa ni mzee wa kanisa jingine, ng'ambo ya pili ya mji, na huko wanaamini kwamba kila kitu Mungu alishakipanga kabla dunia haijaumbwa: nani ataokoka, nani atapotea, nani atakosa basi la saa mbili. Mchungaji wetu, kijana mwenye sauti nzuri na viatu vinavyong'aa hata msimu wa matope, anahubiri kinyume chake. Kwake yeye binadamu ana hiari. Mungu hamlazimishi mtu. Kwa sababu hiyo mtu huulizwa dhambi zake. Kwa miaka mingi hao wawili walikutana mezani kwa mama siku za sikukuu, na kuku alipoa kwa ajili ya Yuda. Kama Yuda alipangiwa kumsaliti Bwana wake, kosa lake ni lipi? Kama hakupangiwa, basi Mungu alishtukia tu? Mama alikuwa akiwasikiliza kwa hamu, anawaongezea ugali, anamwunga mkono yeyote anayeelekea kushindwa.

Habari ilipowafikia, kila mmoja alilitupa fundisho lake dirishani. Kaka yangu, ambaye kwake hata unywele hauanguki nje ya mpango, alikuja mbio kwa hofu kwamba mama ataharibu mpango. Na mchungaji wetu, ambaye alikuwa amehubiri hiari kila mwaka tangu aletwe kwetu, aligundua kwamba hiari ni kitu kizuri kama hakuna anayeitumia. Niliona hayo waziwazi, nikataka kucheka, lakini kicheko nacho kilikuwa kimekufa ganzi.

Walikuja Jumamosi alasiri. Mchungaji, kaka yangu, na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Huyu mwenyekiti ni mwanamke mrefu, mkavu, anayeuza mitumba, mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Alimrithi mama uongozi na hawakupendana kwa namna ambayo watu walioimba pamoja miaka thelathini hawapendani: kwa uangalifu, na bila kuachana. Nilipika chai. Mama aliwamiminia, akajimiminia na yeye kikombe, akakinywa, akajimiminia cha pili. Wote watatu walikuwa wanakitazama kile kikombe.

"Mama," mchungaji alianza, "uhai ni wa Mungu. Dawa iko, mashine iko, wewe unaikataa. Hiyo ni kujiua polepole, mama yangu. Ni dhambi."

"Pasta, mimi si nimekaa hapa nakunywa chai? Nimejiua wapi?"

"Kuna kutenda na kuna kuacha kutenda."

"Na Yesu," mama akasema, "alijua Yerusalemu wataua yeye. Marafiki wakamwambia usiende. Akaenda na miguu yake. Naye alifanya dhambi?"

Mchungaji alifungua mdomo. Kaka yangu alitazama dari. Aliyejibu ni mwenyekiti:

"Wewe si Yesu, yawa."

"Ndiyo maana nimechoka haraka," mama akasema, na mwenyekiti akacheka kabla hajajizuia, halafu akakasirika kwa sababu amecheka.

"Hapana, nisikilize," akasema, na sauti yake ya sokoni ikajaa sebule. "Mimi sijui hizo vitu za Yuda. Mimi najua moja. Mtu akikata tamaa anaambia Mungu, wewe umeshindwa na mimi. Hiyo ndiyo dhambi. Si maji, si mashine. Umekata tamaa, mama, na unajifanya ni uhuru. Kama ni uhuru, sema hapa unafurahi."

Ni mara chache niliona mtu amemshinda mama kwa maneno. Alizungusha kikombe kwenye sahani yake, kisha akasema, polepole, "Sifurahi. Aol tu." Nimechoka tu. Mwenyekiti akatikisa kichwa, si kwa ubaya, akasema hilo ndilo alilokuwa analiogopa.

Walisali. Kaka yangu alisali kwa muda mrefu, akimkumbusha Mungu mambo ambayo kwa imani yake Mungu alikuwa ameshayaamua. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe kichwani mwangu.

Mchungaji angeweza kuamua mwenyewe. Badala yake alilipeleka shauri kwenye mkutano wa washiriki, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu watu wetu ukiwapa swali la dini na benchi la kukalia, hutatoka humo mapema. Tulikaa baada ya ibada mpaka mabati yakaanza kulia kwa joto. Mmoja alisimama na Farao, ambaye moyo wake ulifanywa mgumu halafu akaadhibiwa kwa ugumu huo. Mwingine akasimama na Adamu. Mzee mmoja akauliza, kama kukataa mashine ni kujiua, je, mwenye kuvuta sigara, naye atengwe? Na anayepanda pikipiki wanne-wanne? Hapo watu wakaanza kutazamana, maana wengi walikuwa wamekuja hivyohivyo. Mwanamke mmoja akasema babake alikataa kukatwa mguu na akazikwa na kanisa hilihili, na hakuna aliyeuliza. Mchungaji akasema hiyo ilikuwa zamani.

Mama alikuwa amekaa mbele, mikono mapajani, anasikiliza watu wakijadili kama ana hiari au hana. Hakuna aliyemwuliza. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikitazama kola yake nyeupe, na nakumbuka niliona uzi umetoka nikawaza nitaushona.

Uamuzi ulitoka wakati watu wameshachoka, na maamuzi ya namna hiyo huwa na masharti ya ajabu. Ilisemwa kwamba mama ametengwa na meza ya Bwana mpaka atubu. Mtu akauliza, tutajuaje ametubu? Ikasemwa kwamba toba huonekana kwa matendo. Akirudi kwenye mashine, ametubu. Mwenyekiti wa akina mama aende naye, awe shahidi.

"Toba yangu iko kwa mashine," mama akaniambia tukirudi. "Haya."

Alhamisi alivaa mapema. Sikumwuliza kitu, nilidhani ameshindwa, na sikuhisi furaha wala huzuni, nilitafuta tu mtu wa kushika darasa langu. Mwenyekiti alitungoja langoni mwa hospitali na kanga yake na Biblia yake. Alikaa kando ya mama saa zote nne. Niliporudi na chakula niliwakuta wananong'ona, mwenyekiti amemshika mama mkono ule usio na sindano, anampaka mafuta kwenye vidole vilivyokuwa vinapasuka. Hakuwa amewahi kuona ile kazi kwa macho yake. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Lakini tulipotoka, mama akiwa amemwegemea kama mlevi, mwenyekiti alisema kwa sauti ya kutosha mlinzi asikie, "Umeona? Mungu ametenda. Umerudi."

Jumapili mama alisimama mbele akiwa na sare, akasema ametubu, na mwenyekiti akathibitisha. Akapokea mkate, akapokea kikombe. Wanawake walipiga vigelegele. Kaka yangu, aliyekuwa amekuja kushuhudia, alifuta machozi, akaniambia hivi ndivyo ilivyokuwa imepangwa.

Jumatatu asubuhi nilimkuta mama amekaa kitandani, mfuko wake uko miguuni, sare imekunjwa juu yake.

"Leo ni Jumatatu," nikasema. "Ya hospitali."

"Najua. Wewe nipeleke dala." Dala ni nyumbani, kwenye boma la marehemu baba yetu, ufuoni.

"Mama, ulitubu jana. Mbele ya watu."

"Nilitubu kabisa. Hata nililia, uliona. Leo natenda tena." Alisimama, akashika ukuta. "Kwani wewe ukitubu unakaa siku ngapi?"

Nikabeba mfuko wake. Nilimpeleka.

Mwenyekiti alikuwa ametungoja tena langoni mwa hospitali bila kutuona, na mchungaji akanipigia simu kabla hatujafika dala. Alisema Mungu hafanyiwi mzaha, na meza ya Bwana si kibanda cha chai cha kuingia na kutoka. Alisema mama amejitenga mwenyewe, na kwamba akifa katika hali hiyo asitarajie kikundi, na mama yeyote atakayekwenda kumvalisha atatengwa pia. Nilisikia kwamba ameumia. Alikuwa kijana, na mwanamke mzee alikuwa amemzidi ujanja kwa kutumia sharti lake mwenyewe. Nilisema ndiyo, pasta, nimesikia, pasta.

Mwenyekiti naye alipiga. Huyu alilia. "Mama yako ametumia mimi! Mimi nilisimama mbele ya Mungu nikasema huyu ametubu! Amenifanya shahidi wa uongo!" Nikamwambia pole. Akasema hataki pole, akakata.

Nilimweleza mama yote. Mchungaji hakumjali. Lakini niliposema kwamba mwenyekiti alilia, alinitaka nimfungulie dirisha. "Huyo nimemkosea," akasema. "Huyo kweli." Kisha akaomba mchuzi wa samaki.

Nilichukua likizo, nikakaa naye. Nyumba iko karibu na maji, na asubuhi husikika wanawake wakigombania samaki mitumbwi inapofika. Mama alikula ndizi. Alikula parachichi kwa kijiko, nusu nzima, akafumba macho. Alikunywa maji, kikombe baada ya kikombe, bila kuniomba, na mimi nilikaa bila kazi kama askari aliyefutwa. Miguu ilianza kuvimba, kisha uso. Kupumua kukawa kazi. Hakusema kwamba anafurahi. Ningekuwa mwongo nikiandika kwamba uhuru ulimpendeza. Alikuwa na hofu nyakati fulani, nikamwuliza kama anataka turudi kwenye mashine, naye akafikiria, kila mara alifikiria kweli, kisha akasema hapana.

Kaka yangu alikuja, akapiga magoti kando ya kitanda, akamsihi. Akamwambia anawaachia watoto wake aibu. Mama alimshika kichwa, kile kichwa chenye upara, akamwambia, "Wuoda, mwanangu, si ulisema imepangwa? Basi tulia." Kaka alitoka nje akakaa kwenye gari lake mpaka giza likaanza.

Siku moja alasiri, pumzi zikiwa zimekuwa fupi, mama aliniambia: "Kila mtu amesema yake. Wewe hujasema. Unasemaje?"

Nilitafuta ndani yangu. Nilitafuta kwa bidii, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba akijua mvua inakuja. "Sijui, mama," nikasema. "Sihisi kitu. Tangu zamani sihisi kitu."

Nilifikiri ataumia. Akanipigapiga goti.

"Hata mimi huu mwaka wote sikuwa nasikia kitu mwilini. Hiyo ni kuchoka, nyathina. Kunywa maji."

Nikanywa. Alikufa kabla ya wiki kwisha, mchana, redio ya jirani ikisoma habari za soko. Nilizima jiko kwanza, halafu nikampigia kaka yangu.

Kaka alichukua mambo ya mazishi mkononi, na alifanya vizuri. Alisema angehubiri yeye mwenyewe. Alikuwa ametulia, alisema saa ya mama ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo, na mashine isingeongeza hata dakika. Imani yake ilikuwa imempokea tena nyumbani bila kumwuliza alikuwa wapi. Nilimwonea wivu. Kuhusu sare alisema tusijiaibishe. Ni mali ya kanisa, kanisa limekataa, tumvalishe lile gauni la maua.

Asubuhi ya kumtoa mochari, ile iliyo kwenye kituo cha soko karibu na nyumbani, nilikwenda na mifuko miwili. Mmoja ulikuwa na gauni la maua. Mwingine ulikuwa na sare. Sikujua nitafanya nini. Sikuwahi kumvalisha mtu aliyekufa, na hakuna jirani aliyejitolea, maana kila mtu alijua kuna maneno na kanisa. Nilikaa kwenye ukingo wa saruji nje, mifuko mapajani. Ilikuwa ndiyo aibu ambayo mama aliiogopa, na ilikuwa imefika, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwepo kuipokea.

Pikipiki ilisimama getini. Akashuka mwenyekiti, amevaa buluu, kola nyeupe, kitambaa cheupe, vumbi mpaka magotini. Alikuwa peke yake. Alinilipukia kabla hajanifikia.

"Sikiza. Mama yako alifanya dhambi. Nilimwambia akiwa hai, na nakuambia wewe yeye akiwa hapo ndani. Sijabadilisha."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kumvalisha. Nimekuja kufanya nini, kununua samaki?"

"Pasta anajua?"

"Ametukataza sisi wote. Tulikaa kikundi mzima, tukasema tutatii, hata mimi nikasema tutatii, na mimi ndio mwenyekiti. Ni neno la kanisa na ni sawa." Alikuwa anavua saa yake, anaiweka mfukoni, anakunja mikono ya gauni. "Halafu leo nimeamka nikapanda gari. Hakuna mtu ametuma mimi. Hata Mungu sidhani ametuma. Nimejituma. Leta hiyo mfuko, si hiyo ya maua."

Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya dawa. Alimwosha mama kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu aliyoyadai kwa ukali kutoka kwa mhudumu. Alimwosha kama unavyomwosha mtu ambaye bado anaweza kulalamika. Alinionyesha jinsi ya kuingiza mkono: unaanza na ule mgumu, unaupitisha mkono ndani ya gauni, si kulivuta gauni juu ya mkono. Mwili ulikuwa umevimba na vifungo havikukutana mgongoni. Akatoa pini mdomoni, akabana. Alikuwa anamsema mama wakati wote. "Mkaidi wewe. Ulinifanya shahidi wa uongo. Inua kichwa. Kiburi yako yote iko hapa kwa shingo." Na alipofunga kitambaa cheupe alikirudia mara kadhaa mpaka kikakaa sawa juu ya paji la uso. Kisha akaimba, peke yake, kwa ile sauti ya mitumba, wimbo ambao huimbwa na watu thelathini, akaacha nafasi mahali pa sauti za wengine, akaendelea.

Mimi niliimba mahali nilipoweza. Bado sikuwa nahisi kitu.

Kaka alipoona sare aliangalia pembeni, na mama akazikwa nayo kando ya nyumba yake.

Jumapili ya meza ya Bwana iliyofuata nilikwenda kanisani Nyalenda, sijui kwa nini hasa; labda kwa sababu ni Jumapili. Mwenyekiti alikuwa amekaa mstari wa mbele na wenzake. Kabla ya mkate mchungaji aliuliza, kama anavyouliza siku zote, kama kuna mtu mwenye jambo kati yake na Mungu. Kwa kawaida hakuna anayejibu. Yeye alisimama.

"Mimi nilienda kumvalisha yule mama. Mlisema tusiende, na mimi nilisema tusiende, nikaenda. Nilikosa."

Niliona mabega ya mchungaji yakishuka kwa nafuu. Alikuwa amekwisha kusikia habari na alikuwa akiiogopa siku hii. Sasa ilikuwa inakwisha vizuri. Alishuka ngazi akamsogelea, akasema kwa upole wa kweli, "Asante, mama. Basi unatubu?"

Mwenyekiti alifikiria. Hakuwa anafanya maonyesho. Alitazama chini, akatafuta jibu kama mtu anayepekua nguo chini kabisa ya rundo, na sisi wote tukangoja.

"Hapana," akasema. "Bado."

"Mama, umesema ulikosa."

"Nilikosa. Lakini Pasta, kutubu si ni kujuta? Mimi nikikumbuka vile nilimfunga kitambaa, nafurahi. Nimejaribu kujuta wiki mzima, haikuji. Siwezi kuja hapa nidanganye Mungu, juu nishawahi kusimamia toba ya mtu nikaona vile inaendaga. Hii furaha ikiisha nitakuja."

Akachukua Biblia yake na kanga yake, akatembea njia yote ya katikati mpaka benchi la mwisho, ambako hukaa waliotengwa: msichana aliyeshika mimba, mwanamume aliyeongeza mke wa pili. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na hapo. Alinisukuma kwa kiuno nimpishe.

Mkate ulianza kupita. Ulipotufikia, yeye aliukunjia mikono, na mimi nikakunja yangu. Hapo ndipo kitu kilinirudia, kwanza kifuani, kisha kila mahali, kikichoma kama mguu uliokaliwa damu inapoanza kupita. Nililia kwa sauti. Nilimlilia mama, nililia kwa kiu yake, kwa jagi nililokuwa nikilificha, kwa yale maji yote. Mwenyekiti alinipa leso bila kunitazama, akaniambia nilie polepole, watu wanaomba.

Imepita miezi mingi. Aliyechukua uongozi wa kikundi ni mwingine. Sisi tunakaa benchi la mwisho, na kila Jumapili ya meza, mchungaji akifika kwetu na sahani, husita, humtazama. Yeye hufikiria kidogo, kwa haki kabisa, kisha hutikisa kichwa. Bado.